Vitunguu Havikai na Maharage

Zahanati, 3 Machi

Mdogo wangu Mwiko,

Hujambo, na jiko lako la chuo halijambo? Mimi nimefika salama, mgongo tu ndio unaonikumbusha safari. Wamenipa chumba nyuma ya wodi ya wazazi: kitanda cha chuma, meza ambayo mguu wake mmoja ni mfupi, na dirisha linalotazama uwanja wa saruji ambao hata jani moja halijathubutu kuota. Kabla sijafungua begi nikaitwa kuzalisha. Mtoto wa kike, mzima, sauti ya Shangazi tupu. Nikasema haya, hapa ni kwetu.

Shangazi naye anaendeleaje? Meno yake mapya yamemkaa, au bado anayavua akitaka kula?

Simu tulishakubaliana tusipigiane, kwa sababu tukisikiana sauti tu tunagombana. Barua ni nzuri, huwezi kunikatiza. Nitazipitisha kwa dereva wa gari la dawa, ambaye huja huku anapojisikia, kwa hiyo ukiona kimya usianze kulia.

Sasa jambo lenyewe. Kwenye kabati la jikoni, rafu ya juu, nyuma ya pasi mbovu, kuna kopo la bati. Mna maharage ya Mama. Yale meupe yenye jicho jekundu, ya kutambaa. Tangu Mama afariki nimekuwa nikiyapanda kila msimu na kuvuna mbegu, na nilikuwa na gunia zima. Sikukuambia kwamba fukusi waliliingia. Nilipolifungua lilikuwa unga mtupu. Nimeuliza sokoni, nimeuliza kwa Mjomba, hakuna mwenye nayo. Yaliyomo kwenye kopo hilo ndiyo yote yaliyobaki, tena ni ya zamani, yakikaa humo msimu mwingine hayataota. Yote yaingie ardhini mvua hizi, na kazi hiyo ni yako kwa sababu mimi niko huku na wewe ndiye unayelala kwenye nyumba ya Mama.

Ila si kila mmea unakaa na kila mmea. Nani awe jirani ya nani nitakuandikia kwenye barua ijayo, nikipata nafasi ya kukaa. Usipande hadi uipate.

Dada yako, ambaye bado anakuona ukiwa na pua inayovuja.


Zahanati, 16 Machi

Mwiko,

Salamu nyingine kabla hujajibu za kwanza, najua uvivu wako wa kalamu. Huku ni wazima. Maji ya wodi yalikatika, tukawa tunabeba ndoo, hadi akaja fundi wa pampu, mtu mzima mwenye mvi zake na ukimya wake. Alipomaliza aliniuliza kwa nini kila akipita ananiona dirishani nikiitazama saruji. Nikamwambia natafuta pa kupanda. Akacheka mpaka akaangusha spana.

Mpango wa bustani ndio huu. Kaa chini, usisome huku unakoroga kitu.

Mahindi yapandwe katikati, penye jua. Yakishasimama vizuri, maharage ya Mama yaingie miguuni mwake. Yatapanda juu ya mahindi yenyewe, bila fito, na udongo yatauachia rutuba. Chini yake weka maboga, majani yale mapana yafunike ardhi isikauke na magugu yakose pa kuchipukia. Hao watatu waache pamoja. Nyanya iwe na mrehani pembeni, wadudu hawaipendi harufu yake. Karoti ikae na vitunguu, wanafukuziana wadudu. Viazi viwe mbali na nyanya, kwa sababu ugonjwa wao ni mmoja, akiugua huyu ameshamwambukiza yule.

La mwisho ndilo kubwa. Kitunguu cha aina yoyote, maji au saumu, kisikaribie maharage. Maharage yakikaa na vitunguu yanadumaa. Kwa nini, waulize wasomi wa hapo chuoni kwako. Mimi nimeyaona kwa macho yangu.

Dada yako.


Nyumbani, 2 Aprili

Dada Mkubwa, shikamoo!

Mimi mzima, jiko zima, wanachuo wameongezeka na sufuria hazijaongezeka, kwa hiyo napika kwa zamu mbili na kulalamikiwa kwa zamu tatu. Shangazi anakusalimu. Meno anayavaa akienda mahali penye watu, akirudi anayaweka kwenye kikombe changu cha chai. Nimelalamika, akaniambia vikombe viko vingi.

Barua yako ya kwanza nimeipata. Ya pili, ile ya mpango, haijafika. Mvua ndiyo imefika. Sasa kati ya mvua na dereva wa gari la dawa, nimsubiri nani? Nimepanda.

Tulia. Umesema si kila mmea unakaa na kila mmea. Dada, habari ya nani anapatana na nani unamfundisha mpishi? Watu wanakula kwa mkono wangu asubuhi, mchana na jioni, na hakuna aliyewahi kurudisha sahani. Kanuni yangu ni moja tu: vinavyopatana sufuriani vitapatana ardhini. Kwa hiyo nimepanga matuta yako kama ninavyopanga jiko. Kuna tuta la mchuzi, nyanya na viazi bega kwa bega. Kuna tuta la saladi, karoti, kabichi na vitunguu. Mahindi tunayachoma yenyewe, basi nimeyapanda yenyewe, kule kwenye ua wa nyuma.

Halafu kuna tuta la heshima, la katikati, penye jua. Humo yamo maharage ya Mama, yote, sijabakiza hata punje moja kwenye kopo. Na kwa kuwa sijawahi kumwona mtu mwenye akili akipika maharage bila kitunguu, nimeyazungushia vitunguu maji pande zote, na saumu kwenye pembe, wamesimama kama walinzi. Ungeyaona ungelia.

Unarudi lini? Nambie mapema nikuandalie chumba chako, maana kwa sasa nimekijaza viazi.

Ni mimi, fundi wa sufuria na sasa fundi wa udongo.


Zahanati, 20 Aprili

Mwiko!

Salamu zako zitakuja mwishoni, karatasi ikibaki.

Ungeyaona ungelia, unasema. Nimelia bila kuyaona. Nimelia katikati ya wodi, wazazi wakadhani nimefiwa. Fundi Pampu, hilo ndilo jina tulilompa yule wa maji, akaacha kazi yake akaja kuniuliza nani amekufa. Nikamwambia bado, lakini kuna mpishi yuko mbioni kuua.

Ng'oa vitunguu. Vyote, na walinzi wako wa saumu pia. Usiniambie vimeota vizuri, usiniambie utang'oa kesho. Maharage usiyahamishe, mizizi yake haitaki kuguswa. Viazi na nyanya nenda kavitenganishe leo hii.

Mama aliingia kwenye nyumba ile akiwa bibi harusi, na mbegu hizo amezifunga kwenye ncha ya kitambaa cha kichwani. Hakuja na sahani, hakuja na godoro, alikuja na maharage. Mimi na wewe tumekuzwa nayo. Yakipotea mikononi mwako sitakugombeza, Mwiko. Nitanyamaza. Na wewe unanijua nikinyamaza.

Hujambo? Shangazi hajambo? Basi.

Dada yako.


Nyumbani, 14 Mei

Dada, shikamoo.

Barua zako mbili zimenifikia siku moja, ile ya mpango na ile ya kelele, dereva amezifunga pamoja kwa raba. Nikafungua ya kelele kwanza. Bahati yangu.

Sisi wazima. Shangazi amegombana na fundi wa meno, anasema amempa meno ya mtu mwingine. Chuoni wamefungua bweni jipya, na mimi nimepewa aproni mpya ambayo hainifungi nyuma.

Bustani inapendeza mno. Karoti zako zimenyooka, safi, mdudu hajazigusa, na ziko na vitunguu, kwa hiyo hapo mimi na wewe tulikubaliana bila kushauriana na naomba hilo likumbukwe. Kabichi zimefunga vichwa. Mahindi yamenenepa huko uani. Nyanya zilipata madoa meusi, viazi navyo vikaiga, nikaving'oa vyote. Hapo ulisema kweli, tusiendelee kulizungumza. Nimepanda nyanya nyingine na mrehani pembeni, sasa jikoni kunanukia hata sijawasha moto.

Tumepata jirani mpya, anashona mashuka nyumbani kwake, wanamwita Mama Pacha. Hodari wa kuchungulia ua. Kila nikiinama bustanini, kichwa chake kiko juu ya ukuta kinauliza hiki nini, kile nini. Namjibu kama profesa.

Hukunijibu unarudi lini. Viazi nimeshavitoa chumbani kwako, nimefagia, nimepiga deki.

Ndugu yako mchapakazi.


Zahanati, 30 Mei

Mwiko,

Natumaini hujambo, na Shangazi amepatana na mdomo wake. Huku mvua zinaisha, watoto wanazaliwa tu, hawajui msimu. Wiki hii nimezalisha mapacha, tulipowalaza pamoja wakashikana mkono, tukaita wodi nzima waje kuona. Fundi Pampu ametutengenezea bomba la nje, na kaniletea ndoo ya udongo mweusi kutoka kwake, eti nianzie hapo. Nimepanda nanaa. Nanaa haihitaji akili, hata wewe ungeiweza.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Karoti zimo. Kabichi zimo. Aproni imo. Kichwa cha jirani kimo. Maharage hayamo hata mara moja.

Mimi ni mkunga, Mwiko. Mjamzito akinieleza habari za kijiji kizima akaruka habari ya tumbo lake, najua pa kuweka mkono. Niambie. Ni mabaya kiasi gani?

Dada yako anayesubiri.


Nyumbani, 11 Juni

Dada, shikamoo. Sote hatujambo.

Umeona maharage hayamo kwenye barua yangu. Hongera, una macho. Na mimi ninayo. Nimezipanga barua zako mezani nikazisoma upya kwa utulivu. Fundi Pampu alianza kama fundi wa pampu. Barua iliyofuata ana jina. Iliyofuata analeta ndoo za udongo. Naogopa ijayo atakuwa anakushikia kalamu. Na swali langu la unarudi lini nimeuliza mpaka nimechoka, wewe unaliruka kama dimbwi.

Sasa tufanye hivi. Nipe lako nikupe langu. Hunipi, hupati. Nina karatasi nyingi za kukueleza habari za kabichi.

Mwiko.


Zahanati, 25 Juni

Mdogo wangu,

Hujambo? Haya, umeshinda. Furahi haraka, tuendelee.

Fundi Pampu ameniomba nimwoe, naandika hivyo kwa sababu ndivyo alivyosema, alivyochanganyikiwa. Nikamwambia mwanamke haoi. Akasema basi tutaona namna. Ni mjane, watoto wake wakubwa, wana kwao. Ana nyumba juu ya kilima na shamba nyuma yake ambalo amelilima mara mbili mwaka huu bila kupanda kitu, anasema analiweka tayari. Na zahanati nao wananitaka nibaki, mkataba wangu unaisha mwisho wa Septemba na karatasi ya kudumu iko mezani kwa daktari inasubiri sahihi yangu.

Nampenda, Mwiko. Nimeliandika kwa wino, siwezi kulifuta. Sikudhani kwa umri huu mtu akipita dirishani na boksi la spana nitaangalia kama nywele zangu zimekaa.

Lakini nimemwambia atapata jibu maharage yakivunwa. Akauliza maharage gani. Nikamwambia ya Mama. Akarudi kwenye pampu yake.

Usidhani nafanya mzaha. Mama aliniachia nyumba ile na mbegu ile, na siwezi kuolewa mbali nikaviacha bila mtu. Yakipona, nitajua kuna mtu. Yakifa, nitakuja kuangalia kama chini ya udongo imebaki japo punje moja, na nitakaa hapo, na yeye nitamwambia hapana. Nimeshaamua hivyo na wewe unajua nikiamua.

Nimekupa langu. Sasa nipe.

Dada yako.


Nyumbani, 8 Julai

Dada,

Shikamoo. Barua hii sikuisoma kwa kelele zangu za kawaida. Niliisoma nikiwa nimeketi juu ya gunia la mchele, wenzangu wakaniuliza kama naumwa.

Haya, langu ni hili. Barua zako zilipofika, maharage yalikuwa urefu wa kidole na rangi ya mgonjwa wa manjano. Mengi yalikuwa yamekufa. Vitunguu vilikuwa vimenona, vinang'aa, kama vimeyanyonya. Sikukuandikia kwa sababu niliogopa. Kila nikishika kalamu naona uso wako ukiwa umenyamaza.

Siku ileile niling'oa vitunguu vyote, na Shangazi alinisaidia, bila meno, akicheka hadi anakohoa. Nikavipeleka jikoni chuoni, wanafunzi wakala vitunguu vichanga wiki nzima. Nilidhani matatizo yamekwisha. Kumbe wakaja wadudu wale weusi wadogo, wakajipanga kwenye vikonyo vya machipukizi. Basi kila asubuhi, kabla ya kwenda kuwasha majiko, nimekuwa nikiosha maharage ya Mama kwa maji ya sabuni, jani kwa jani. Mimi, ambaye jikoni nina mtu wa kuniosha sufuria.

Yakaanza kunyanyuka, na hayana pa kupandia. Mahindi yako kule ua wa nyuma, maharage yako katikati, na wewe unasema maharage hayahami. Nikavuna mahindi mabichi yote, nikayakata mashina, nikayabeba mpaka kwenye tuta nikayachomeka moja moja ubavuni mwa maharage. Nikasema kama harusi ilishindikana wakiwa hai, washikane hivyohivyo. Mama Pacha alinitazama juu ya ukuta akauliza kama nina homa.

Lakini yameshika, Dada. Yamezunguka yale mashina makavu na sasa yana maua meupe. Yaliyobaki ni machache, sikufichi, na hata hayo sijui kama yatazaa. Nikiona wingu naogopa, nikiona jua naogopa. Nikiwa kazini nawaza kuku wa watu wameingia. Sijawahi kuogopa kitu hivi, na mimi nimeshawahi kuungua na mafuta.

Usimwambie yule mtu hapana kwa sababu ya vitunguu vyangu. Nakuomba.

Mdogo wako.


Zahanati, 22 Julai

Mwiko, mdogo wangu,

Hujambo? Umekula? Nauliza kweli.

Nimesoma, nikaikunja, nikaifungua nikasoma tena. Unaona sikunyamaza. Naandika. Nilicheka peke yangu pale unaposimulia mashina ya mahindi mpaka mzazi mmoja akaniomba nimweleze, nikamweleza, naye akacheka akasahau uchungu wake kwa muda.

Ulivyofanya ni vyema. Sasa kazi ni kutofanya kitu, na hapo ndipo naogopa, kwa sababu mikono yako haijui kutulia. Maganda usiyachume yakiwa mabichi, hata yakinona vipi, hata ukiyaona yanaitaka sufuria. Yaache yakauke palepale mpaka ukiyatikisa yalie. Maji punguza. Usiyaguse asubuhi yakiwa na umande.

Sijampa jibu Fundi Pampu. Amekuwa akimuuliza dereva wa gari la dawa kama huko kwetu mvua imenyesha. Dereva anadhani ana shamba huko.

Nakusubiri.


Nyumbani, 29 Agosti

Dada Mkubwa, shikamoo!

Wote wazima, Shangazi mzima, meno yake yote yako mdomoni tangu juzi kwa heshima ya shughuli. Yamevunwa! Nilitikisa, yakalia. Tukakaa kibarazani mimi na Shangazi tukayapukuchua, meupe, jicho jekundu, hakuna yaliyotobolewa. Kopo limejaa likafurika, na bakuli kubwa likajaa pembeni yake. Nikaingia ndani nikanawa uso.

Sasa kaa chini, kwa sababu sehemu hii hutaipenda. Nimeyagawa.

Mama Pacha alichungulia akauliza maharage gani mazuri hivyo, na kama naweza kumgawia kidogo apande. Nilifungua mdomo kumwambia ni ya dada yangu, hayatolewi, kama wewe ulivyokuwa ukiwaambia watu. Nikazikumbuka asubuhi zile za maji ya sabuni. Nilikuwa nikiosha jani najua kwamba hili likinyauka hakuna mlango duniani naweza kugonga nikasema jamani nigawieni. Wewe umeishi na hofu hiyo miaka yote, Dada, ukaizoea ukadhani ndiyo kumpenda Mama. Mimi nimeishi nayo msimu mmoja na sitaki kuiona tena.

Nikampa viganja viwili. Kisha nikamfungashia Mjomba. Kisha yule mama anayeniletea mboga jikoni, ana shamba kubwa kule bondeni. Wote nimewapa kwa sharti: yakae na mahindi, yawe mbali na vitunguu, na nikiishiwa nirudishiwe. Kiganja kimoja nimekushonea kwenye kitambaa ndani ya bahasha hii. Yaliyobaki yamo kwenye kopo, nitayapanda mimi, kwenye tuta letu, na safari hii mahindi yatatangulia yakiwa hai.

Kwa hiyo usirudi kulinda kitu. Njoo kutembea, ukae wiki, nikupikie, uondoke.

Kasirika kwanza. Ukimaliza niandikie.

Mwiko.


Zahanati, 14 Septemba

Mdogo wangu,

Hujambo, Shangazi hajambo, jirani yako wa ukutani hajambo?

Nilikasirika kama ulivyoniruhusu. Nilifua mashuka ya wodi ambayo hayakuwa machafu. Nilikutukana kwa majina yako yote, hadi yale ya utotoni. Nimeyalinda maharage hayo hata Shangazi sikuwahi kumpa, na wewe unayagawa kwa mtu aliyehamia juzi!

Kisha nikakaa kitandani, nikafungua kile kitambaa, nikayamwaga mapajani. Nikayageuza moja moja. Nikaisubiri ile hofu yangu, ile inayonijia kila nikiyashika, ya je, na haya yakifa? Haikuja. Niliitafuta, Mwiko, kama mtu anayetafuta miwani. Nikawaza Mama Pacha anayo, Mjomba anayo, yule wa bondeni anayo, ndugu yangu anayo. Nikalia vizuri, kilio cha kupumzika. Mama angekubusu kichwani. Mimi nakubusu kwa karatasi.

Nyumba ni yako. Nimeshatia sahihi kwa daktari, nimebaki. Nitakuja mwezi ujao kuchukua nguo zangu, na sitakuwa peke yangu, kwa hiyo pika vya kutosha.

Nilitoka nje na kitambaa changu nikamkuta kwenye pampu, ameifungua yote, vyuma vimetapakaa chini, mikono ina grisi hadi kwenye viwiko. Nikamwambia maharage yamevunwa. Akasimama. Akauliza tumepata kiasi gani. Nikamwambia sijui, mengi yako kwa watu. Akaweka spana chini, akauliza kwa sauti ndogo kama hilo ni ndiyo au hapana, maana yeye habari za kilimo hazielewi. Nikamwambia anipeleke nikaone shamba lake kabla mvua haijaanza. Alitangulia njia bila hata kunawa mikono, pampu akaiacha vilevile chini, na wodi nzima haikupata maji mpaka jioni.

Dada yako.